Mwonja Matango

Sahani tano zilikuwa mezani, kila moja na vipande vya tango lake, na mpishi aliyetakiwa kuonja hakuwa na ulimi.

Yaani ulimi alikuwa nao, tena mrefu, waulize wenzake jikoni. Lakini tangu yale mafua yaliyomlaza, asali na sabuni kwake vilikuwa kitu kimoja. Hakumwambia mtu. Amwambie nani? Hotelini walimwita Fundi Ulimi, na ulimi huo ndio uliomlisha. Nyumbani nako, mkewe alikuwa na dada yake aliyefanya kazi kwenye dobi ya hoteli hiyo hiyo, na kwa wale dada wawili siri haikuwahi kulala. Ukimwambia mke jioni, meneja anaipata asubuhi pamoja na chai.

Basi akajifunza kusoma nyuso za watu. Alimpa msaidizi wake kijiko, “Onja, ujifunze,” kisha akamkodolea macho. Kope ikicheza, chumvi imezidi. Mdomo ukijikunja, ndimu. Mambo yakaenda hivyo hivyo, mpaka mgeni mmoja aliporudisha saladi ya matango akifoka kwamba amelishwa kwinini. Hapo meneja akaanza kushuku.

“Haya, Fundi,” meneja alisema, akaufunga mlango wa jikoni. “Moja kati ya haya ni chungu. Mimi nalijua. Wewe ukilikosa, kesho usije.”

Mpishi akayatazama. Lile refu la ganda jembamba, lisilo na mbegu. Lile nene la kila siku. Lile fupi lenye vipele, la kulowekwa kwenye siki. Jeupe la mviringo, na lile la njano ambalo wengi hudhani ni tikiti. Angebahatisha angechagua lile nene, maana hilo ndilo lenye tabia hiyo. Lakini mtu habahatishi na ugali wa watoto.

“Bosi, tule wote. Kipande wewe, kipande mimi. Kesho usije ukasema nilibahatisha.”

“Unaogopa nimekutilia sumu?” Meneja akacheka, akachukua kipande.

Wakatafuna kama mbuzi wawili. Sahani ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Kwenye lile refu la ganda jembamba, tundu moja la pua ya meneja likacheza kidogo, likatulia. Mpishi akatema papo hapo.

“Hili. Na nani kalipokea sokoni bila kulionja?”

Meneja akamkumbatia. “Nisamehe, Fundi. Watu wana maneno.” Mlango ulipofunguliwa, jikoni kukalipuka kelele, mtu akagonga mfuniko wa sufuria, na shemeji yake Fundi akatoka dobi mbio na mashuka begani kuuliza kuna nini.

Kabla ya kwenda nyumbani, mpishi alipita kwa daktari wake wa pua na koo, mama mmoja aliyetibu watu nyumbani kwake, ghorofa ya pili, nyuma ya mapazia ya waridi.

“Mkeo umeshamwambia?” daktari aliuliza akimtia dawa puani.

“Bado.”

“Mficha uchi hazai, bwana wee.”

Mpishi akacheka tu. Siku ile hata kaburi lingemchekesha.

Alimkuta mkewe amejilaza kwenye kochi, vipande vya tango machoni. Siku hizi ilikuwa desturi yake kila jioni. Urembo, alisema. Mpishi alifurahi moyoni: mke akijipamba, anajipamba kwa ajili ya nani kama si mumewe?

“Zamu ilirefuka tena, baba watoto?”

“Tena! Kazi haina huruma, mama watoto.”

“Nimekutengenezea juisi ya tango. Wanasema inasafisha figo.”

“Nionjee kwanza.”

“Mimi nimeshakunywa yangu.” Uso wake ulikuwa mkavu, hausomeki.

Akaigugumia yote. Zamani mwanamume huyu hakuwa na adabu mezani: wali ukiungua alisema umeungua, mkewe akanuna, kisha wakacheka, maana sifa yake ilipotoka ilikuwa sifa kweli. Tangu mafua alisifu kila kitu, hata chai iliyosahauliwa sukari. Sifa haina hatari. Na mwanamke gani anachukia kusifiwa?

“Tamu! Mikono hii ina baraka, mama watoto.”

“Haina uchungu hata kidogo?”

“Uchungu utoke wapi? Asali tupu!”

Mkewe akatikisa kichwa polepole. Akaenda nyuma ya mlango, akatoa begi lililokwisha fungwa.

“Nimekutilia shubiri humo, baba watoto. Nusu ya bilauri. Nilijiapiza: akisema ni chungu, basi bado ni yule mume wangu wa kweli, na walionieleza habari za huyo mwanamke wako wa ghorofa ya pili ni waongo. Miezi hii yote unanisifu, unanisifu. Nilijua tu una lako unalificha.”

Ukweli wote ukamtoka kwa pupa, kama maji ya bomba lililopasuka.

“Mke wangu, yule ni daktari! Haki ya Mungu, ananitibu! Sisikii ladha, sisikii harufu, tangu yale mafua ulimi wangu umekufa. Ungenipa hata mafuta ya taa ningekunywa!”

Mkewe alisimama mlangoni, begi mkononi. Akacheka, machozi yakimtiririka.

“Dada amenipigia simu sasa hivi,” alisema. “Leo umeonja matango matano mbele ya meneja, ukalitaja lililo chungu bila kusita.”