Cheti Ndani ya Mkebe wa Unga

Kifuniko cha mkebe kiligonga sakafu kabla jogoo hajawika. Nikainuka. Mjukuu wangu Sharlyne alikuwa jikoni, ameshika cheti chake cha kuzaliwa, ambacho nilikificha ndani ya unga.

"Kocha anakingoja, kukhu. Leo wanachagua timu ya mpira wa kikapu kule Tororo, Uganda."

Kuvuka mpaka gizani na mwanamke nisiyemjua. Hapa Busia tumeona wasichana wakiitwa kazini ng'ambo, wasirudi.

Nikamnyang'anya cheti, nikatoka. Mwanamke alisimama uani, mrefu, koti lake la michezo limechakaa.

"Nitajuaje wewe ni kocha?"

Akanyoosha mkono. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda. "Ni mpira, mama. Nilicheza miaka kumi na miwili."

"Hata mlango huvunja kidole."

Akatabasamu. Kisha akaona kamba ya kiatu cha Sharlyne, aliyekuwa amenifuata nje, imefunguka. Akapiga magoti, goti moja likatoa mlio, akaifunga polepole, mafundo mawili, vile hufungiwa mtoto mdogo.

"Haendi," nikasema.

"Sawa, mama. Hata mimi nyanya yangu alinikatalia mara mbili."

Akaelekea kwenye gari lake bila hasira. Sharlyne alikuwa analia.

"Mwalimu," nikamwita. "Rudi tena. Uje mchana, majirani wakuone."