Picha za Ukoo wa Makame

Maonyesho ya michoro ya mitaani ya ukoo wa Makame yalipofunguliwa, mjane wa Makame mwenyewe, Bi Raya, alisimama ndani ya makumbusho na wanawe wawili, wachoraji kama baba yao.

"Tunajivunia sana wasanii hawa," alisema meya.

Ni meya huyuhuyu aliyeamuru Makame akamatwe kwa kuchora kuta za mji, akafia rumande.

"Makame yuko wapi?" Bi Raya alimkatiza.

"Mama, hayo yamepita," alijibu meya.

"Yamepita kwako!"

Akaushusha kutoka ukutani ubao aliouchora mumewe, akaubeba kichwani hadi nje, akauegemeza kando ya barabara. Wanawe wakashusha zao, wakamfuata. Muuza mihogo akatua sinia lake, akasimama kutazama.