Ukuta Unaojiponya

Tangu serikali ipige marufuku uvunjaji wa mawe milimani, nyumba zilijengwa kwa kifusi cha majengo ya zamani, kikashikamanishwa na majivu ya kiwanda cha sukari. Tetemeko lilipopasua ukuta wa Nasambu, fundi Kirwa hakuleta saruji.

"Umwagilie maji tu, mama. Majivu yataufunga."

Kulipopambazuka, ufa ulikuwa umetoweka. Nasambu alipapasa pale, akaukuta ukuta una joto kama paji la mtoto. Machozi yalimtoka kwa mshangao.

Baadaye mumewe, Makokha, alitoboa dirisha dogo ili Neema, kichanga chao, apate hewa. Mvua ikanyesha juma zima. Ijumaa Nasambu alitaka kuchungulia nje, kichwa hakikupita tena dirishani.

"Baba Neema," aliita kwa sauti ya chini, "ukuta unadhani tumeujeruhi."