Bendera ya Mbaruku

Mwanakheri alifika kwenye machimbo ya zamani, ambako vijana hushindana kupandisha magari vilima vya vifusi bila wa kuwakataza. Alikuja kumtoa mdogo wake, Shekue, ndani ya gari. Mwezi uliopita kaka yao, Mbaruku, alibingirika na gari hapohapo, akafa.

“Dada wa marehemu huyo!” mtu akapaza sauti. “Mpisheni!”

Desturi yao ilikuwa hiyo: aliyefiwa ndiye hupunga bendera ya kuanzia. Wakamkabidhi fimbo iliyofungwa shati la Mbaruku. Kola yake aliishona Mwanakheri kwa mkono wake.

“Sikuja kupunga,” alisema. “Shekue, shuka! Mama hana mwingine.”

“Dada, usiniaibishe bwana,” Shekue alijibu, wenzake wakiangua kicheko. “Punga tu.”

Mwanakheri akaiinamisha fimbo mpaka shati likalala vumbini. Bila bendera kupanda hakuna gari lingeondoka, na yeye angesimama hapo hadi mafuta yawaishie. Injini zikanguruma. Ndipo upepo ukazuka kutoka shimoni, ukalijaza shati kifua na mikono, likainuka. Magari yote yakatimka, Shekue mbele.