Mkono Mzito wa Mama Marlène

"Unaniua, mama. Unaniua mu macho ya bantu."

Sauti ilikuwa ya mwanaume mzima, tena mwenye kifua. Nyuma ya pazia kitu kikaanguka, pu, kama gunia la mawe. Nje, kwenye benchi, wanawake wanne waliendelea kuchambua matembele. Waume wa watatu kati yao walikuwa kivulini wanacheza kete za dame, kimya kama watu waliokaa msibani.

Elikia peke yake ndiye aliyesimama. "Mutamuacha afe?"

"Ikala, mutoto yangu," alisema Blandine. Jicho lake moja lilikuwa limevimba hata likafungika kabisa. "Kama analia, iko muzima."

Wenzake wakachekea puani.

Elikia akakaa. Hakuja kutibiwa. Alikuja kuiba ufundi, maana na yeye alikuwa mkandaji. Alijifunza kazi hiyo Lubumbashi miezi minane, akarudi Likasi, akapata chumba, akachoresha kibao chenye maua. Aliweka mafuta ya kunukia na nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Kwa wiki sita walikuja watu watatu. Wote watatu walisinzia, wakaamka wakasema "aksanti, yaya, ni muzuri sana," na hakuna aliyerudi. Kaka yake Ruffin alishasema neno lake la mwisho: mwezi ukiisha hivi, funga mlango, urudi Kakanda kuosha mawe ya shaba na wenzako. Elikia aliyaosha mawe yale miaka minne. Kucha mbili za mkono wa kushoto hazikuota tena.

Na huyu Mama Marlène, asiye na kibao wala cheti, alifanya kazi siku moja tu kwa juma, siku ya posho, ndiyo Jumamosi, na benchi lake lilijaa tangu saa tatu. Waliolala kwenye mkeka wake walitoka wamenyooka mgongo, kweli, lakini walitoka wakimtukana. Jumamosi ya pili walikuwa hapo tena. Mtu anapasuliwa hivi, halafu anarudi. Kwa nini?

Pa. Pa. Kilikuwa kiwiko juu ya mfupa.

"Julie," Mama Marlène aliita toka ndani, taratibu, kama mtu anayesuka nywele. "Bwana yako anasema mugongo iko bien sasa. Anataka kutoka."

"Mugongo, ndiyo," alijibu Julie bila kuinua uso. Mdomo wake ulikuwa umepasuka, damu imekaukia pembeni. "Mabega je? Yote mbili?"

"Njo naanza nayo sasa."

Vilio vilivyofuata, Elikia hakuwahi kuvisikia hata siku shimo la mgodi wa Kambove lilipofunika watu. Mwanaume aliita mama yake, kisha Bikira Maria, kisha mama yake tena. Ukuta ukatikisika. Mmoja wa wacheza dame alibaki na kete mkononi, akasahau kucheza.

"Ni Kalombo ule?" aliuliza mwanamke wa mwisho kwenye benchi. "Mwenye kubebaka mifuko mbili ya mawe?"

"Abebe na hii," akasema mwenzake.

Elikia alimsogelea Blandine, akanong'ona. "Yaya, weye hauogope kuingia mule na ile jicho? Nani alikupika ngumi?"

"Mulango ilinipika."

"Mulango ya kwabo iko na pete ku kidole," alidakia mwanamke wa mwisho, na benchi lote likacheka, Blandine naye akacheka huku akilishika lile jicho.

Basi Elikia akaelewa, au akaona ameelewa. Wanawake hawa walipigwa nyumbani, wakaja kutafuta dawa hapa, kwenye mikono ya kupiga tena. Wamezoea maumivu, dawa isiyochoma hawaioni dawa.

"Kuya kwangu, yaya," alisema. "Minye niko na mukono ya pole. Nitakukanda hautasikia kitu."

Blandine alimtazama kwa huruma. "Pole? Na hiyo pole itanisaidia nini, mutoto yangu?"

Elikia aliinamisha kichwa. Basi ni hivyo. Kesho atautupa mkono wa pole, ataanza na viwiko.

Pazia likafunguka. Kalombo alitoka kifua wazi, anang'aa mafuta, macho mekundu. Aliwaona wanawake, akajua walisikia yote. Julie hakucheka. Alitabasamu kidogo tu, na kidogo hicho kikatosha.

"Unanicheka? Weye, unanicheka mbele ya bantu?"

Alimwendea mbio, akamsukuma kwa kifua mpaka ukutani. Kichwa cha Julie kikagonga tofali. Matembele yakamwagika. Kalombo akavuta pumzi, akageuza kiuno kama mtu anayetaka kurusha sururu, na Elikia akafumba macho kungoja kofi.

Kofi halikuja.

Alipofumbua, mikono ya Kalombo ilikuwa inaning'inia ubavuni kama nguo zilizoloa. Kalombo aliitazama. Akajaribu tena. Mabega yalipanda kidogo, mikono ikabaki palepale.

Julie alipapasa kisogo, akatazama vidole kama vina damu. "Mpaka lini, mama?"

"Leo yote na kesho yote. Jumatatu asubui itaamuka, aende ku mugodi." Mama Marlène alikuwa mlangoni, anapangusa viwiko vyake kwa kitambaa. Aliwageukia waliokuwa kivulini. "Papa gani anafuata?"

Blandine alimwita mumewe kwa jina, mara moja tu, naye akainuka. Kisha Blandine akashika viganja vya Elikia, akavigeuza, akabonyeza kidole gumba kimoja kimoja kama mtu anayechagua viazi sokoni.

"Mutoto yangu," akamwuliza kwa sauti ya chini, "weye, Jumatatu mangaribi, wakitoka ku mugodi, unatumikaka kazi?"