Sauti ya Ukutani

Mwimbaji mwanamke akitimiza miaka arobaini, sauti ya ujana wake hutiwa kwenye kuta za nyumba, naye hupigwa marufuku kuimba. Wanaume huzeekea jukwaani.

Zuwena alikuwa jikoni anakuna nazi, ukuta wa sebuleni ukimwimbia mumewe, Mbwana, kwa sauti yake yeye Zuwena ya usichanani. Sauti hiyo haikuwahi kukohoa, na kila ilipoamrishwa ilijibu, "Sawa, mume wangu."

"Huyu ndiye niliyemuoa!" Mbwana akacheka.

Zuwena akaiacha mbuzi. Akakohoa, akafungua dirisha, akaimba kwa koo lake la leo, lenye mikwaruzo:

"Mlimzoea mpole, huyu wa leo hamumuwezi!"

Ukuta ukanyamaza, kama unaosikiliza.

"Zuwena, nyamaza! Majirani watasikia, tutashtakiwa!" Mbwana akafoka.

"Wasikie!"

Kigelegele kikajibu kutoka dirisha la jirani, kikafuatwa na kingine.

Mbwana akaugeukia ukuta. "Kipenzi, hebu niimbie ule wa mahaba."

Ukuta ukakohoa.

"Sitaki," ukasema, kwa sauti ileile changa.