Jiwe la Mwanzo

"Usisogee," Shilan alisema kwenye redio. "Hata kidole, Rebwar. Uko nje ya njia."

Ng'ambo ya mteremko mumewe akacheka kicheko kikavu. "Mhandisi wangu, nimesimama kama jogoo kwenye tope. Nisogee niende wapi?"

Mteremko huo, juu ya mji wa mpakani wa Penjwen, ulijaa mabomu ya ardhini yaliyotegwa vitani kabla wao hawajazaliwa. Njia moja tu nyembamba iliukata kwa ubavu, kutoka upande wa kijiji mpaka kwenye mwaloni. Waliisafisha wenyewe vuli iliyopita na kuitia alama kwa mawe: uso mweupe ulielekea penye usalama, uso mwekundu ulielekea kwenye kifo. Kisha theluji ikaja. Ilipoyeyuka iliangusha vibao na kuyafukia mawe kwa tope.

Rebwar aliingia kwa upande wa kijiji, kifaa cha kumwonyesha njia mkononi. Shilan na dereva, Ami Hejar, walizunguka kwa gari. Waliliona tangu barabarani jiwe la mwanzo, alama ya kuingilia njia upande wa mwaloni, kubwa, la manjano, wakakatiza kwenye majani mabichi moja kwa moja mpaka hapo. Kwa wategua mabomu jiwe lililopakwa rangi ni zaidi ya kiapo. Ukiliona, huangalii tena chini. Shilan aliirusha droni kutoka juu yake, akalikalia. Kila msimu ulianza hivyo, na chai ya kwanza ilinywewa hapo hapo.

Droni ilipofika juu ya Rebwar, taa ya kifaa chake ikageuka kutoka kijani kuwa nyekundu.

"Setilaiti zinasema niko njiani," alisema.

"Setilaiti! Juzi zilituambia tuko uwanja wa ndege wa nchi nyingine."

Shilan alisema kweli. Tangu nchi jirani zianze kupigana, mawimbi ya setilaiti yalikuwa yakivurugwa kila siku. Ndiyo maana Shilan alitunga programu inayosikiliza mashahidi watatu kama kadhi: setilaiti, kamera ya droni, na kihisi chake cha mwendo. Kamera na kihisi havikujua mahali popote duniani. Vilijua tu vimekwenda umbali gani, na upande gani, kutoka pale vilipoanzia. Lakini havikuwahi kumdanganya. Leo vyote viwili vilisema Rebwar yuko hatua kumi na mbili nje ya njia, upande wa juu. Shahidi wa tatu alikuwa mwongo anayejulikana.

Ami Hejar alikuwa akizunguka nyuma ya Shilan, mikono mfukoni. Mzee huyo akiogopa hufanya mzaha. "Mwaka jana nilitundika koti kwenye mwaloni ule nikiwa nimekaa hapo ulipo, binti. Leo hata mti umenikimbia."

"Uzee huo, ami," Shilan alisema bila kuinua macho.

"Basi mzee anakwenda kutafuta kuni. Mumeo akitoka atataka chai ya moto." Akapotea kwenye majani.

Redio ikakoroma. "Shilan, miguu inaniishia nguvu. Nikianguka, naangukia popote. Niambie nishuke au nibaki."

Walioana kipindi cha theluji. Nguo za harusi za Shilan zilikuwa bado zinaning'inia nyuma ya mlango, hazijapata kabati. Shilan aliangalia kioo cha kompyuta, akaangalia tena, akimwomba Mungu namba zibadilike. Hazikubadilika. Akakizuia kilio, maana mtu aliyesimama pale hawezi kuongozwa na mtu anayelia.

"Huwezi kuwa njiani," alisema. "Wawili hawawezi kukosea pamoja. Shuka, mpenzi. Choma ardhi kwanza kila unapotaka kuweka mguu."

"Nikikosea?"

"Nimekosea mimi."

"Hapo umenifariji kweli kweli."

Kwenye kioo alimwona akipiga magoti polepole na kuchomeka fimbo ya chuma kwenye tope, kwa mshazari, kama walivyofundishwa. Akasogeza fimbo. Akachoma tena. Mara mkono ukasimama.

"Nimegusa kitu kigumu."

Shilan alifumba macho. Alisikia pumzi za mumewe, kucha zikikwangua udongo, kisha zikaacha.

"Rebwar! Sema kitu!"

"Jiwe," alisema. "Jiwe letu, Shilan. Jeupe upande wangu, jekundu kule chini ulikonituma." Sauti ikampasuka. "Na lile pale jingine. Niko njiani! Nilikuwa njiani muda wote!"

Shilan akalia sasa, kwa sauti, bila haya, akicheka humo humo na kujipiga mapaja. Alimshukuru Mungu, akaitukana programu yake, akaapa kuichoma moto na kompyuta yake. Alingoja Rebwar amtanie. Rebwar hakumtania.

"Droni uliirusha kutoka wapi?" aliuliza.

"Kwenye jiwe la mwanzo. Si nimelikalia hapa!"

"Mwaloni uko wapi?"

"Uko..." Aliinua kichwa. Mwaloni ulikuwa huko juu ya mteremko. Kutoka kwenye shina lake mpaka kwenye jiwe mfereji mpana wa tope lililokauka ulikuwa umeyalaza majani, kama mahali palipoburuzwa gunia zito. Akahesabu kwa macho. Hatua kumi, labda kumi na mbili.

"Shilan," mumewe alisema taratibu. "Usisogee."

Nyuma yake, kwenye majani, Ami Hejar alikuwa anarudi na mzigo wa kuni, akipiga mluzi.